Mbwa kijana asitumwe peke yake kwa nguruwe ya pori



Mwaka uliopita, mbele ya kupanda, tuliandika katika jarida hili kwamba kikundi chenye mahindi yake inaliwa na nguruwe za pori kinaweza kununua mbwa. Tuliandika kwamba mbwa ni mulinzi wa bei kidogo. Leo tunarudi kwa maneno yale, kwa sababu kuna watu wenye walituamini na wakapata hasara.

Ni kikundi kimoja cha hapa Panda. Sawa vile watu wengi wa komini yetu, wanalala muji na wanalima mbali: asubuhi kinga, jembe, chupa ya maji, kisha safari ndefu mupaka kwenye mashamba ya upande wa Lufira. Walikusanya feza, wakanunua mbwa watatu wa miezi saba hivi, wazuri, wenye nguvu, wenye kula sana. Mwezi wa tatu mwaka huu, wakati mahindi ilianza kukomaa, waliwapeleka kwenye kibanda cha kuchungia. Usiku wa tatu nguruwe walikuja. Vijana wakafungua kamba, wakapiga kelele: «Kamata! Kamata!»

Mbwa wa kwanza aliingia moja kwa moja kwa dume. Hakuna mutu wala mbwa mwenye alikuwa amemuonyesha kwamba nguruwe ana meno. Walimukuta asubuhi katikati ya mahindi, tumbo limepasuliwa. Wa pili alikimbia. Alirudi muji kiisha siku mbili, na mupaka leo ukimupeleka karibu na majani marefu anajificha kati ya miguu yako. Wa tatu alibaki muzima, lakini yeye njo alileta maneno makubwa zaidi: alionja utamu wa kufukuza kitu chenye kinakimbia, na kwa sababu nguruwe hawakurudi wiki ile, alijaribu kwa mbuzi ya jirani. Mbuzi ililipwa. Urafiki na jirani haujarudi bado.

Ushauri ulitoka kwetu. Tuliandika «nunueni mbwa», hatukuandika mbwa anajifunza wapi na kwa nani.

Katika mukutano wenye ulifuata, wengi walisema kosa liko kwa mbwa wenyewe. Kijana mumoja alisema: «Imbwa ya ukali inazaliwa, haifundishwe. Ikiogopa leo, itaogopa paka kufa.» Watu wakapiga makofi. Sisi hatukubali. Yule mwenye alikufa njo alikuwa wa ukali kuliko wote, na ukali wake ulimupeleka kwa kifo. Kitu chenye kilikosekana kilikuwa mbwa muzee pembeni yake, wa kumuonyesha umbali wa kusimama.

Watu wa Panda tunajua jambo hili vizuri. Komini yetu ilikomaa pembeni ya mashine za shaba, tangu wakati wa Union Minière. Muulize muzee yoyote mwenye alitumika Gécamines: siku ya kwanza hakuna mutu alikuachia mashine. Ulisimama nyuma ya muzee wa kazi, ukabeba vyombo vyake, ukaangalia mikono yake, ukakaripiwa. Na wale wenye walitoka 2003 kwa «départ volontaire» na wakachukua jembe, walijifunza shamba namna ile ile, kwa jirani mwenye alikuwa anajua. Sasa juu ya nini tunafikiri mbwa wa miezi saba atajua peke yake, usiku, mbele ya dume mwenye anaweza kupita kilo 80?

Kule kule kwenye mashamba, karibu na kikundi kile, kuna muzee mumoja mwenye jike ya rangi nyekundu. Sikio moja limepasuka, shingoni ana kengele ya muti. Musimu huu nguruwe walikula kwake mistari michache tu. Mbele ya kununua mbwa zao, watu wa kikundi walimuomba: «Muzee, utuazime mbwa yako, afundishe zetu.» Akakataa. «Imbwa yangu haiko ya koperative.» Tulisikia jibu lile, na tuseme ukweli, sisi pia tulimuhukumu katika roho. Tulisema ni choyo.

Kiisha ile hasara tulienda kumusalimia. Alituwekea viti chini ya muembe, akauliza habari za watoto, akachukua wakati wake. Kisha akasema: «Bana yangu, mbele ya huyu nilikuwa na mama yake. Jirani alileta katoto ka imbwa, nikakubali tutembee pamoja. Ile kadogo ikaingia mahali haifai kuingia. Mama akaenda kuitosha, njo nguruwe akamupiga yeye. Nilimushona na uzi. Siku ya ine akakufa. Ule jirani hakuniletea hata kilo moja ya bunga.»

Hatukuwa na jibu.

Mbwa kijana anafanya makosa, na malipo ya makosa yake mara nyingi yanaanguka kwa mbwa muzee, kwa sababu mbwa muzee hakimbii. Mwenye mbwa muzee anapoteza miaka saba ao nane ya kazi kwa usiku mumoja. Mwenye mbwa kijana anapoteza mbwa wa sokoni. Basi muzee akikataa kuazima, si choyo. Anajua hesabu kutupita.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: mbwa muzee ni mwalimu, na mwalimu analipwa. Koperative yenye inataka mbwa vijana wajifunze inafaa ibebe hatari ya mbwa muzee, isimuachie mwenye mbwa peke yake. Na iandikwe katika kitabu cha koperative mbele ya musimu, hapana kuongea tu chini ya muti: kilo ngapi za mahindi mwenye mbwa atapata kwa kila mbwa kijana mwenye anafundishwa, nani analipa munganga ya nyama kama mbwa muzee anaumizwa katika shamba ya wote, na akikufa, mwenye anapewa nini. Sisi tunaona inafaa apewe mbwa mumoja kati ya wale wenye walifundishwa, yule atachagua mwenyewe, na asamehewe zamu za kuchunga usiku kwa musimu mumoja.

Tulisema mambo haya katika mukutano, na hayakupita vyepesi. Mutu mumoja aliuliza juu ya nini tumulipe muzee, na yeye pia shamba yake inachungwa. Lakini shamba ya muzee ilikuwa inachungwa tangu zamani, mbele ya sisi kufika na mbwa zetu. Mama mumoja alisimama na swali lingine, la haki kabisa: shamba yake iko karibu na barabara, nguruwe hawafike kule, atoe mahindi yake juu ya nini? Tunaona wale wenye mashamba inagusa pori watoe zaidi, na wale wa barabara watoe kidogo ao wasitoe kitu. Kila koperative ipime kwake. Lakini muzee na jike yake wasilipe kwa ajili ya wote.

Sasa tuseme namna ya kufundisha. Hii tulipata kwa yule muzee na kwa wawindaji wengine wa upande huu, na mengine tuliona kwa macho yetu.

Mbwa mwenye hasikie jina lake katika lupango hatasikia jina lake porini. Hapo njo kazi inaanza, na haiombe feza: umuite, aje, umufunge, atulie, apite pembeni ya kuku na mbuzi bila kugeuza kichwa. Mutoto wa mbwa akomae pamoja na mbuzi, alale karibu nao, apigwe pembe mara moja na mama mbuzi kama inafaa. Mbwa mwenye alifunguliwa porini mbele ya kujua mbuzi ni watu wa nyumba, utamulipa kama vile wenzetu walilipa.

Umri ni jambo lenye tulikosea sana. Miezi saba ni kidogo. Meno makubwa yametoka, ndiyo, na ukimuangalia unasema huyu ni mukubwa, lakini roho bado ya mutoto. Kati ya miezi minane na kumi na miwili njo aanze kutembea na muzee, na mwanzo si usiku. Aanze asubuhi. Nguruwe walipita usiku katika mihogo, udongo umechimbwa, harufu bado iko. Mufungue jike muzee na huyu kijana mumoja, mufuate njia pole pole mupaka kwenye majani, kisha mwite mbwa, murudi. Hakuna nguruwe, hakuna vita. Kijana anaona muzee anaweka pua wapi, anasimama wakati gani, anageuka kumuangalia mwenye wakati gani. Yule muzee alituambia anafanya hivyo mwezi muzima mbele ya kufikiri usiku.

Tulisema kijana mumoja. Hili watu hawalipende, kwa sababu wananunua mbwa wawili watatu mara moja na wanataka wote wajue haraka. Lakini mbwa vijana wawili wakiwa pamoja hawaangalie tena muzee, wanaangaliana. Mumoja anakimbia, mwingine anakimbia ju mwenzake amekimbia. Kijana mumoja kwa muzee mumoja. Kama kuna wazee wawili, ni vizuri zaidi.

Na muzee gani? Hapa watu wanachagua vibaya. Wanataka yule wa ukali, mwenye vidonda mingi. Vidonda mingi ni alama kwamba anakosea mara mingi. Mwalimu muzuri ni yule mwenye anasimamisha nguruwe kwa kelele na kuzunguka, anakaa mbali na kichwa, anarudi nyuma nguruwe akigeuka, kisha anasogea tena. Mbwa yako ataiga kila kitu: muzee akifukuza mbuzi, kijana atafukuza mbuzi, muzee akiuma sikio na kuning'inia, kijana atauma na kuning'inia, na hana bahati ya muzee. Huko Marekani, upande wa Texas, na Australia vilevile, watu wenye wanawinda nguruwe kwa mbwa wanatenga kazi mbili: kuna mbwa wa kubweka na kusimamisha, na kuna mbwa wa kukamata. Wale wa kukamata wanavalishwa nguo nene ya kukinga kifua na shingo. Sisi hatuna nguo zile. Basi tuwe na mbwa wa kusimamisha tu.

(Kengele ya muti si mapambo. Mbwa zetu za asili, zile zenye wazungu wanaita Basenji, hawabweki sana. Bila kengele hujui wako wapi. Mbwa za namna hii zilitoka Kongo, na 1937 zilionyeshwa kule London katika maonyesho ya Crufts, watu wakashangaa. Zile mbili za kwanza, zenye zilifika mbele, 1895, zilikufa kwa ugonjwa wa Carré. Tutarudi kwa ugonjwa.)

Usiku wa kwanza, kijana abaki kwa kamba, kamba iko katika mukono wa mutu mwenye anajua. Muzee afunguliwe peke yake. Kijana asikie kengele inaenda, asikie muzee anasimama, asikie nguruwe anaguruma, atetemeke, alie. Usimupige, usimusukume, usimucheke. Wakati nguruwe wameanza kuondoka, na muzee anawafuata nyuma, hapo mufungue kijana, akimbie nyuma ya muzee mupaka mwisho wa shamba. Kisha muite wote wawili. Arudi akiwa bado anataka kuendelea. Mbwa mwenye usiku wake wa kwanza uliisha vizuri atakungojea kwenye mulango kesho. Mwenye ulimutupa kwa dume, kama hakukufa, anabaki sawa yule wa kikundi chetu, kati ya miguu.

Hatua ya kufungua katikati ya nguruwe wenye wamesimama inakuja nyuma, wakati kijana ametembea usiku mingi na muzee na haanze mbele yake tena.

Na wakati wa mwaka? Nguruwe ya pori anazaa zaidi karibu na mvua za kwanza, kati ya mwezi wa tisa na wa kumi na moja. Jike mwenye watoto hakimbii, na dume anabaki karibu kuwatetea. Wakati ule njo mubaya kuliko yote kwa mbwa mwenye anajifunza, na wakati ule njo watu wengi wanakumbuka mbwa, ju wanapanda. Musimu wa masomo ni kiangazi, tangu sasa mwezi wa tano mupaka wa nane, katika mashamba ya mihogo. Nguruwe wanakuja kwa mihogo mwaka muzima, majani yamekauka, unaona mbali. Chukua maji kwa ajili ya mbwa, wengi wanasahau.

Kitu kimoja tena chenye kinatugawanya na wakulima wengine: nyama. Watu wanasema malipo ya mwenye mbwa iwe nyama ya nguruwe mwenye atauawa. Tunakataa. Kwanza, mbwa wa shamba kazi yake ni kufukuza. Siku tutalipa kwa nyama, vijana wataacha shamba na kuingia pori kutafuta nguruwe kule. Sheria n° 82-002 ya tarehe 28 mwezi wa tano 1982 inaomba ruhusa kwa mutu mwenye anawinda, na katika hifadhi za Upemba na Kundelungu kuwinda kumekatazwa. Wenye kulima ng'ambo ya Lufira, upande wa Kundelungu, wajue mbwa yao hasomi mipaka. Muulize wa environnement mbele ya kuua hata nguruwe mumoja mwenye anaharibu.

Pili, nguruwe zetu za nyumba. Peste porcine africaine, homa yenye ilielezwa kwanza kule Kenya na munganga ya nyama Montgomery 1921, inakaa ndani ya nguruwe za pori na ngiri bila kuwaumiza. Ikifika kwa nguruwe ya lupango inaua karibu zote, na hakuna dawa ya kuiponyesha. Koperative mingi hapa Likasi ina wamama wenye wanalipa masomo ya watoto kwa nguruwe mbili tatu. Mbwa mwenye damu ya nguruwe ya pori kwenye manyoya, kijana mwenye damu kwenye viatu, matumbo yenye yanatupwa nyuma ya kibanda cha nguruwe: inatosha. Tungefukuza hasara katika mahindi na kuiingiza kwa mulango wa nyuma. Mbwa aoshwe mbele ya kurudi muji, asilale karibu na nguruwe, na kama munyama ameuawa shambani, matumbo yazikwe chini sana, mbwa asipewe maini ao mapafu mabichi.

Chanjo, tuseme haraka, kwa sababu munajua: ya kichaa tangu miezi mitatu, kila mwaka, ya Carré kama munganga ya nyama anayo. Mbwa mwenye hana chanjo asitembee na mbwa ya mutu mwingine, hata siku moja. Mutu akiumwa na mbwa, aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15, aende hospitali siku ile ile.

Tulirudi kwa yule muzee wiki iliyopita na karatasi mukononi. Tulimusomea. Alisikiliza, akatuomba tusome tena pale penye munganga ya nyama. Jike yake ana miaka tisa. Anafikiri bado ana kiangazi mbili za nguvu, labda moja. Atakubali mbwa vijana wawili, mumoja mwaka huu, mumoja mwaka kesho, na yule muoga mwenye anajificha kati ya miguu njo anataka kuanza naye. «Huyu amejua nguruwe ana meno,» alisema. «Mumulete.» Tulimupendekezea kilo 50 za mahindi kwa kila mbwa. Alicheka, akasema tuongeze.

Mukutano wa koperative utakuwa mbele ya mahindi kuingia katika mifuko. Kila kikundi kije na hesabu yake ya kilo.